Kasi Bila Halijoto si Kipimo

Mwalimu wa biolojia akimwuliza mwanafunzi wake bakteria fulani huenda kwa kasi gani, mwanafunzi hutafuta tarakimu kitabuni na kuitoa kama mtu atoaye sarafu mfukoni. Tarakimu hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa madaftarini, na aghalabu hapana aulizaye: kasi hiyo ilipimwa katika halijoto gani? Swali hili huonekana dogo. Hata hivyo, bakteria mmoja aliyepatikana katika matamvua ya samaki huko Ujerumani anatosha kuonyesha kwamba pasipo jibu la swali hilo, tarakimu iliyoandikwa ubaoni haina maana kamili.

Rai inayotetewa hapa ni moja. Kila kipimo cha mwendo wa kiumbe asiyejitengenezea joto lake mwenyewe kiandikwe pamoja na halijoto yake, na mwanafunzi afundishwe tangu siku ya kwanza katika maabara kwamba kipimo kisichoandikwa hivyo hakijakamilika. Jambo hili si la nidhamu ya kuandika tu. Linagusa namna mwanafunzi wa nchi za joto anavyofundishwa kuyaamini au kuyakana macho yake mwenyewe.

Bakteria Watelezao

Bakteria wengi wenye uwezo wa kwenda huogelea. Huwa na nyuzi nyembamba zizungukazo kama rafadha ya meli, na nyuzi hizo huwasukuma ndani ya maji. Lakini wapo wengine ambao hawana nyuzi za namna hiyo na bado huenda. Hao hawaogelei; huteleza juu ya kitu kigumu au kitu laini kilichotandaa, kama vile jiwe, jani, ngozi ya samaki au kioo cha hadubini. Mtazamaji huona seli ikisogea polepole bila mguu wowote kuonekana na bila mwili kujikunja, kana kwamba inavutwa na kamba isiyoonekana.

Jamii za bakteria watelezao ni nyingi, wala hazitumii mbinu moja. Myxococcus xanthus, akaaye udongoni, huenda mikromita 2 hadi 4 kwa dakika. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo bakteria huyo akienda saa nzima bila kugeuka hawezi kumaliza hata robo ya milimita. Oscillatoria, ambaye ni mlolongo mrefu wa seli zenye rangi ya kijani iliyoiva, huweza kufikia mikromita kadhaa kwa sekunde. Na Mycoplasma mobile, ambaye ndiye shabaha ya maelezo yafuatayo, huenda mikromita 2 hadi 4 kwa sekunde, yaani mara 60 ya mwendo wa yule wa udongoni.

Taarifa za Mycoplasma mobile zilianza kuchapishwa mwaka 1984, baada ya kupatikana katika matamvua ya samaki wa mito na maziwa ya Ulaya aitwaye Tinca tinca. Ni kiumbe mdogo hata kwa kipimo cha bakteria: urefu wake haufiki mikromita moja. Hana ukuta wa seli, na umbo lake lafanana na chupa yenye shingo. Huenda daima akitanguliza shingo. Karibu na shingo hiyo zimejipanga protini ndefu kwa mamia, ambazo wataalamu huziita miguu. Miguu hiyo hushika sukari fulani zilizo juu ya seli za samaki, au juu ya kioo kilichopakwa protini zenye sukari hizo. Huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele.

Nishati ya kazi hiyo hutoka katika adenosini trifosfati, ambayo kwa kifupi huandikwa ATP. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2005 na watafiti wa Japani, Uenoyama na Miyata. Walizitoboa ngozi za seli kwa dawa ya jamii ya sabuni hata yaliyomo ndani yakavuja na mwendo ukakoma. Walipotia ATP katika maji, maganda yale yaliyokwisha kufa yakaanza kuteleza tena. Watafiti wakayaita mizuka. Jina hilo linachekesha, lakini somo lake ni zito: mtambo wa kuteleza hauhitaji uhai wote wa seli, unahitaji miguu iliyo mizima na nishati ya kuiendesha.

Vipimo vya Mwaka 2002

Miaka 3 kabla ya hapo, Makoto Miyata, William Ryu na Howard Berg walikuwa wamechapisha vipimo vya kasi na kani ya bakteria huyu. Waliwatazama wakiteleza juu ya kioo katika halijoto mbalimbali. Katika nyuzi 11.5 za Sentigredi kasi ilikuwa mikromita 0.46 kwa sekunde. Katika nyuzi 36.5 ilikuwa mikromita 4.0 kwa sekunde. Kati ya ncha hizo mbili kasi iliongezeka kwa kufuata mstari ulionyoka.

Ni vema kuzifikiri tarakimu hizo taratibu. Bakteria ni yule yule, kioo ni kile kile, chakula ni kile kile. Aliye katika maji ya nyuzi 11.5 atakwenda milimita 1.7 hivi katika saa moja. Aliye katika maji ya nyuzi 36.5 atakwenda milimita 14.4. Tofauti ni karibu mara 9. Basi mwanafunzi anayeulizwa "Mycoplasma mobile huenda kwa kasi gani?" na kujibu "mikromita 4 kwa sekunde", na mwenzake anayejibu "nusu mikromita kwa sekunde", wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wamesema nusu ya kweli.

Samaki ni mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji. Bakteria aishiye juu ya matamvua yake hana kivuli cha kukimbilia. Maji yakipoa, naye hupoa. Yakipata moto, naye hupata moto. Kwake yeye halijoto si hali ya nje inayoweza kusahauliwa, bali ni sehemu ya mwendo wenyewe.

Kani Haikubadilika

Jambo la pili walilolipima watafiti hao lina mafunzo makubwa zaidi. Waliwafunga bakteria shanga ndogo sana za plastiki mkiani, kisha wakapitisha mkondo wa maji. Bakteria waligeuka, wakaelekea kule maji yatokako, na kasi yao ikapungua kadiri mkondo ulivyozidi. Kwa hesabu ya nguvu ya mkondo iliwezekana kujua ni kani kiasi gani ingetosha kuwasimamisha kabisa. Njia nyingine ilikuwa kuishika shanga kwa kibanio cha mwanga wa leza na kumwacha bakteria avute mpaka ashindwe.

Kani ya kusimamisha ilikuwa piko-nyutoni 26 katika nyuzi 22.5, na hiyo hiyo piko-nyutoni 26 katika nyuzi 27.5. Kwa kibanio cha leza ilikuwa piko-nyutoni 26 hadi 28, kutoka nyuzi 17.5 hadi 27.5. (Piko-nyutoni moja ni sehemu moja ya milioni milioni ya nyutoni.) Lakini kasi ya bakteria asiyezuiwa na chochote ilikuwa mikromita 2.3 kwa sekunde katika nyuzi 22.5, na mikromita 3.3 katika nyuzi 27.5. Nyuzi 5 tu zimeongeza kasi kwa zaidi ya sehemu 4 kwa 10, na kani haikuongezeka hata kidogo.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Mtu huelekea kudhani kwamba kiumbe aendaye kasi ana nguvu zaidi. Vipimo hivi vyaonyesha kwamba kasi na nguvu ni mambo mawili, na kwamba halijoto hulitawala moja na kuliacha jingine.

Mfano wa ufukweni wafaa kulieleza jambo hili. Wavuvi 12 wanavuta juya. Kiongozi wao akiuimba wimbo polepole, kamba huja polepole. Akiuharakisha wimbo, kamba huja upesi. Lakini juya likinasa mwambani, kani yao yote ni ile ile ya watu 12, wimbo uwe wa pole au wa haraka. Idadi ya mikono na nguvu ya kila mkono ndiyo hupima kani. Upesi wa kushika, kuvuta na kushika tena ndio hupima kasi. Mfano huu usivutwe kupita kiasi, kwa maana miguu ya bakteria haina kiongozi wa wimbo. Kinachoharakisha kila mguu ni joto lenyewe. Maji yakiwa na joto zaidi, molekuli nyingi zaidi hupata nishati ya kuvuka kizuizi kilicho kati ya hatua moja ya kikemia na hatua ifuatayo, na mzunguko wa kushika, kuvuta na kuachia humalizika upesi.

Wako watakaopinga kwa kusema kwamba sababu ni maji: maji ya baridi ni mazito, maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo bakteria hupita kwa urahisi. Hoja hiyo ina akili, na yastahili kujibiwa kwa tarakimu. Mnato wa maji hupungua kweli halijoto ipandapo, lakini kutoka nyuzi 11.5 hadi nyuzi 36.5 haupungui hata kwa nusu. Badiliko hilo haliwezi kuzaa kasi iliyokaribia mara 9. Isitoshe, bakteria waliofungwa shanga walikwenda kwa kasi ile ile ya wasiofungwa, ingawa shanga ni mzigo wa kukokota ndani ya maji. Kani ambayo maji humzuia nayo bakteria atelezaye huru haifiki hata sehemu moja ya mia ya zile piko-nyutoni 26 awezazo kutoa. Maji si mkwamo wake. Mkwamo umo ndani ya mtambo.

Kanuni ya Maradufu na Mipaka Yake

Katika vitabu vingi vya shule imo kanuni isemayo kwamba halijoto ikipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya kikemia huongezeka maradufu. Kanuni hiyo, ambayo hutajwa pamoja na jina la mkemia wa Uholanzi van 't Hoff, ina manufaa yake kama makadirio ya haraka. Hatari huanza pale makadirio yanapogeuzwa kuwa sheria, na mwanafunzi akaacha kupima kwa kuwa anajua jibu tayari.

Kanuni hiyo na ijaribiwe juu ya Mycoplasma mobile. Kuanzia mikromita 0.46 katika nyuzi 11.5, kanuni ya maradufu ingetoa mikromita 1.0 hivi katika nyuzi 22.5, na mikromita 2.6 katika nyuzi 36.5. Vipimo vyasema 2.3 na 4.0. Katika nyuzi 11 za mwanzo kasi iliongezeka mara 5, na si mara 2 na kidogo. Katika nyuzi 14 zilizofuata haikufika hata mara 2, ingawa kanuni ilidai mara 2.6. Kanuni imekosea pande zote mbili: chini imekadiria kidogo, juu imekadiria kingi.

Wala isidhaniwe kwamba mstari ulionyoka ndio sheria mpya ya bakteria wote watelezao. Mwaka 1924 wanafiziolojia wawili wa Marekani, Crozier na Federighi, walichapisha uchunguzi wa Oscillatoria na kuonyesha kwamba kasi yake hufuata mlinganyo wa Svante Arrhenius, mkemia wa Uswidi. Mlinganyo huo, katika halijoto za maji ya kawaida, huchora mstari upindao kwenda juu: kila nyuzi huongeza zaidi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo bakteria wawili, wote wakiteleza, huweza kulijibu joto kwa namna mbili tofauti. Sababu ni kwamba neno "kuteleza" lataja kile kionwacho na jicho, halitaji mtambo uliofichika.

Mstari ulionyoka wenyewe pia una mipaka. Mwanafunzi akiurefusha kuelekea kushoto kwa rula, atauona ukifika sifuri karibu na nyuzi 8. Akiurefusha kuelekea kulia mpaka nyuzi 100, utamwambia kwamba bakteria aliyechemshwa huenda mikromita 13 kwa sekunde. Rula haijui kwamba protini huharibika kwa joto. Mwenye kuishika rula ndiye apaswaye kujua. Grafu yapasa kukoma pale vipimo vilipokomea.

Kutoka Maabara za Mbali Hadi Shule za Hapa

Mycoplasma mobile hapatikani katika mitaro ya shule, na leza ya kumshikia haimo katika kabati za maabara. Lakini Oscillatoria yupo. Hupatikana katika utando wa kijani uotao juu ya tope la mtaro, kandokando ya tangi la maji livujalo, na katika majaruba ya mpunga. Vitabu vya zamani humwita mwani wa buluu-kijani, ingawa kwa hakika yeye ni bakteria. Tone moja la maji yenye nyuzi zake likiwekwa chini ya hadubini ya kawaida ya shule latosha kuonyesha mwendo wa kuteleza kwa uwazi kabisa.

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Tanga amefanya jaribio hilo mchana wa Januari, chumba kikiwa na nyuzi 31. Mwenzake wa Njombe amelifanya asubuhi ya Julai, chumba kikiwa na nyuzi 14. Wote wawili wamefuata maagizo ya kitabu kimoja, na maagizo hayo yanasema jaribio lifanywe "katika halijoto ya kawaida ya chumba". Maneno hayo yaliandikwa na watu ambao chumba chao huwashwa moto wakati wa baridi na hukaa karibu na nyuzi 20 mwaka mzima. Kwa Tanga maneno hayo yana maana moja, kwa Njombe yana maana nyingine, na kwa mwandishi wa kitabu yana maana ya tatu.

Matokeo yatatofautiana, na ni haki yatofautiane. Ubaya ni yale yatokeayo baadaye. Mwanafunzi anatazama jibu la kitabu, anatazama lake, anaona hayalingani. Halijoto hakuiandika, kwa hiyo hana njia ya kujitetea. Anachukua kifutio, analifuta jibu lake, anaandika la kitabu, na anapata alama zake zote. Siku hiyo amejifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba sayansi ni kukubaliana na aliyeandika kwanza. Lau angeandika halijoto pembeni mwa tarakimu yake, tofauti ile ile iliyomwaibisha ingekuwa ugunduzi wake.

Hili ndilo jambo kubwa lililo nyuma ya kipimajoto. Mwanafunzi wa nchi za joto anapimiwa mara nyingi kwa tarakimu zilizopatikana katika vyumba vya baridi. Akipewa njia ya kueleza kwa nini tarakimu yake ni tofauti, atakuwa mchunguzi. Akinyimwa, atakuwa mnakili.

Namna ya Kulifanya Jaribio

Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Upana wa eneo lionekanalo ndani ya hadubini hupimwa kwanza kwa kuweka rula angavu ya milimita chini ya lenzi ya ukuzaji mdogo. Katika hadubini nyingi za shule, eneo hilo ni karibu milimita 1.8 kwa ukuzaji wa mara 100. Kwa ukuzaji wa mara 400 huwa robo ya hapo, yaani karibu mikromita 450. Mwanafunzi huchagua uzi unaoteleza kwa kunyoka, huangalia ncha yake, na huhesabu sekunde zitumikazo kuvuka nusu ya eneo. Uzi ukivuka mikromita 225 kwa sekunde 90, kasi yake ni mikromita 2.5 kwa sekunde. Nyuzi kumi zipimwe, si moja, kwa kuwa viumbe hai hawafanani. Na uzi unaogeuka na kurudi nyuma, jambo ambalo Oscillatoria hulifanya mara kwa mara, uachwe, uchukuliwe mwingine.

Ili kupata halijoto mbalimbali si lazima kuwa na mitambo. Chumba chenyewe hubadilika kuanzia asubuhi hadi alasiri. Chombo chenye nyuzi za Oscillatoria, vipande vya kioo na kipimajoto vikae pamoja mezani kwa nusu saa kabla ya kupima, ili vyote viwe na halijoto moja na chumba. Kipimajoto kisomwe kabla ya kupima na baada ya kupima, na masomo yote mawili yaandikwe.

Mitego miwili yafaa kutajwa. Wa kwanza ni taa. Hadubini yenye taa ya umeme hulipasha moto tone la maji, na ile yenye kioo ikielekezwa kwenye jua kali hufanya vivyo hivyo. Mwanga laini wa dirishani watosha, na taa izimwe mara kipimo kiishapo. Wa pili ni kwamba mwanga wenyewe huathiri mwendo wa bakteria wenye rangi ya kijani, ambao hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula. Kama kipimo cha mchana kimefanywa katika mwanga mkali na cha asubuhi katika mwanga hafifu, hapana ajuaye kilichoongeza kasi ni joto au ni nuru. Kwa hiyo dirisha lizibwe nusu wakati wa mchana, na chombo kifunikwe mpaka saa ya kupima. Kubadilisha jambo moja na kuyashika mengine yote mahali pake ndiko kupima. Mengine ni kukisia.

Hoja za Wanaosita

Hapana shaka wapo walimu watakaosita. Hoja yao ya kwanza ni kwamba muhtasari wa masomo umejaa na vipindi ni vichache. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini rai hii haiongezi mada mpya. Yaongeza safu moja katika jedwali: safu ya halijoto. Kuisoma zebaki au pombe ndani ya kipimajoto huchukua sekunde chache.

Hoja ya pili ni kwamba vipimajoto ni haba. Hilo nalo ni kweli katika shule nyingi. Lakini kinachohitajika si kipimajoto kwa kila mwanafunzi. Kimoja kilichotundikwa ukutani, mbali na dirisha na jiko, chatosha darasa zima. Shule iliyoweza kununua hadubini moja haiwezi kusema kwamba imeshindwa na kipimajoto.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Wengine husema kwamba mtihani hutaka jibu moja, na mwanafunzi mwenye majibu yanayobadilika na hali ya hewa atatatizika mbele ya msahihishaji. Hapo dawa si kumnyamazisha mwanafunzi, bali ni kuliuliza swali sawasawa. Swali lisemalo "taja kasi ya bakteria huyu" halina jibu moja, hata kama msahihishaji analo moja mkononi. Swali lisemalo "eleza jinsi kasi ya bakteria huyu inavyobadilika kati ya nyuzi 15 na nyuzi 30, na utoe sababu" lina jibu, na jibu hilo haliwezi kukaririwa bila kueleweka.

Ipo pia hoja isemayo kwamba mambo haya ni ya vijidudu visivyo na faida kwa mtu yeyote. Wenye kusema hivyo wakumbuke kwamba mchachuko wa togwa, kuoza kwa samaki sokoni, kuganda kwa maziwa na kukua kwa viluwiluwi vya mbu vyote hutawaliwa na halijoto. Bakteria atelezaye ana ubora mmoja juu ya hivyo vyote: athari ya joto kwake huonekana kwa jicho ndani ya dakika mbili, na yaweza kuandikwa kwa tarakimu kabla kengele haijalia. Mwanafunzi aliyeizoea safu ya halijoto katika jaribio hilo hataiacha atakapokuwa mganga, bwana shamba au mkaguzi wa samaki.

Yanayopasa Kufanywa

Waandishi wa vitabu vya sayansi wayaondoe maneno "halijoto ya kawaida ya chumba" na badala yake waandike nyuzi. Walimu waichore safu ya halijoto katika kila jedwali la biolojia kabla ya jaribio kuanza, hata pale ambapo halijoto haionekani kuwa na kazi. Mara nyingi ni baadaye ndipo kazi yake huonekana. Watunga mitihani wampe alama mwanafunzi aliyeandika kipimo chake pamoja na halijoto, ingawa hakilingani na kile cha kitabu, na wamnyime alama aliyeandika tarakimu tupu.

Ama mwanafunzi, yeye ana la kufanya pasipo kungoja kibali cha mtu. Anapoketi mbele ya hadubini na kuuona uzi wa kijani ukiteleza katika tone la maji, auangalie ukuta, asome kipimajoto, aandike nyuzi kwanza, ndipo aandike kasi. Na kifutio akiache mfukoni.